Mandazi za Katiba

Kitengela, hapa kwa geti ya shule
Alhamisi, 27 Oktoba 2005

Nyamera, Mama Dolphine,

Sasa nilikuwa nimefika wapi kabla kredo ya simu iishe? Eeh, ulikuwa unasema niko na mdomo kama spika ya matanga. Asante sana. Hujambo lakini? Mguu ya Baba Dolphine inaendelea aje? Nyanya za Kimana zimepona ile ugonjwa ya majani? Sisi tuko wazima, tunakula tu vumbi ya malori za simiti. Nimeona nimalizie kwa barua, maanake kwa barua huwezi kunikatiza unitukane.

Ati mimi ndiye nimeharibu mtoto yako na siasa. Nyamera, siasa nitatoa wapi na niliachia darasa la tatu? Mimi ni mandazi nauza. Mandazi inafungwa na gazeti, na gazeti kuukuu natoa kwa duka ya Isaak. Nafunga, wasichana wanapitisha mkono kwa seng'enge, imeisha hiyo.

Ni wao walianza, Dolphine na rafiki yake Hodo, msichana ya Isaak. Auntie nifungie na ya jana. Auntie hii ni ya mpira, tafuta ya katiba. Unajua deputi wao, Joram, ule naibu wa mwalimu mkuu, amekataza gazeti huko ndani, anasema refarendam, hiyo kura ya katiba, ni ya watu wako na kitambulisho. Sasa mimi hii Kiswahili yetu ya barua naandika, lakini Kizungu ya gazeti ni shida, nilikuwa naangalia picha: nikiona wanaume wa suti wamenyoosheana vidole, hiyo naweka kando. Wasichana wakawa wananunua hata mandazi ya jana, ngumu kama kiatu, bora karatasi. Nilicheka mimi! Na nilifurahi, sikudanganyi. Nikaanza kuwapangia, ya Jumatatu kwanza halafu ya Jumanne, ndiyo wasipotee.

Kumbe huko ndani wamegawanyika. Hodo na watu wake ni Ndizi, ile alama serikali imepatia kura ya ndiyo, wanataka katiba ipite. Dolphine wako ni Chungwa, alama ya hapana, anaikataa, na vile anaongea utadhani ulimzalia mkutanoni. Salamu ikaisha kati yao. Hodo akamwambia Dolphine anasoma tu zile herufi kubwa, hizo ndogo zinamshinda. Dolphine akamjibu kwamba Ndizi zote zinangoja tu kumenywa. Sasa Ijumaa iliyopita, jikoni wakapeana ndizi baada ya githeri. Ndizi ya kula tu, ya soko! Chungwa zote zikasimama, zikapanga laini, zikarudisha ndizi moja moja kwa dirisha ya jikoni, ati hawawezi kula kampeni ya serikali. Mpishi alilia.

Joram akasema huo ni mgomo. Huyo mwanaume na sura yake kama mtu amemeza kiberiti! Jumamosi akaingia bweni, akaenda moja kwa moja kwa kitanda ya Dolphine, akapindua godoro. Kurasa arobaini na tatu, zimenyooshwa, zimepangwa na tarehe, zote ziko na mafuta yangu. Omolo, askari wa geti, aliziona ofisini, anasema mtoto ameandika maswali pembeni na kalamu. Moja inauliza, wakati hii katiba ilikuwa inaandikwa, akina mama walikuwa wamekaa wapi? Kwa sababu ya hiyo swali bodi inakaa Jumatatu kumfukuza.

Sasa, Nyamera. Ile simu, kredo haikuisha. Iko mpaka saa hii. Niliikata mimi, kwa sababu uliniuliza nani alionyesha Joram kitanda.

Ni mimi. Ile Ijumaa jioni alikuja kwa meza yangu, akapiga jiko teke, mafuta ikamwagika, akasema nitaje mwenye anaagiza gazeti ama nisionekane kwa hiyo geti tena. Nikasema Dolphine. Sikungoja hata dakika. Hata kitanda nilimwambia, ya juu, karibu na dirisha, vile mtoto mwenyewe aliniambia akifurahi kwamba hapo kuna mwangaza ya kusoma. Ile Jumamosi walimu wakampigisha magoti kwa kokoto mpaka kengele ya lanchi, wakitaka aseme mwenyewe nani anamletea. Alisema ameokota kwa shimo ya takataka. Hakunitaja. Na meza yangu bado iko hapa.

Jana alipita kwa seng'enge, magoti yamefungwa na leso. Nikamwita nimpatie mandazi ya bure. Akakataa mandazi. Akauliza kama ya Jumanne imekuja. Sijui kama anajua, na mimi sikuweza kumwangalia macho.

Jumatatu kuja mapema. Usinisalimie kama hutaki, nitukane huko mbele ya watu, lakini kuja na Baba Dolphine, na mjue ya kwamba

Ngoja. Omolo ananiita. Anasema Joram na mwenyekiti wa bodi wako ofisini, wanataka niweke kidole kwa karatasi imeandikwa Dolphine ndiye alikuwa anaingiza gazeti. Sasa hivi, anasema, na nisiongee mingi.

Nisiongee mingi! Mimi!

Naenda na katoni yote ya gazeti kwa kichwa, waone zilikuwa zinatoka kwa nani. Meza nimeachia mwenye anaitaka. Barua Omolo ataweka kwa gari ya Loitokitok. Salimia watu wa Kimana, Omolo anapiga kelele huku, na

ni mimi dada yako wa mdomo,
Adero