Rubisi ya Mzee Egbert

Igurwa, 6 Juni 1955

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na ng'ombe wanapata majani. Mimi na mume wangu Projest hatujambo, na tumbo langu linazidi kukua.

Baba, umeniacha kwenye aibu. Jana ulipokuja kwa wakwe zangu, Mzee Egbert alikupa rubisi, pombe ya ndizi aliyoikamua mwenyewe. Akaionja kwanza mbele ya macho yako, kama desturi yetu ilivyo, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Nawe ukaweka kibuyu chini! Matoke hukugusa, ukadonoa maharage tu. Eti jino. Tangu lini una jino bovu?

Unajua wanavyomsema mzee huyu tangu yule mgeni alipofia njiani akitoka kwake. Sasa majirani wanasema hata baba wa mkamwana wake anaogopa sumu. Leo baba mkwe amekataa chakula nilichopika. Ananijibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniua. Nieleze, Baba.

Mwanao,
Kobugabe


Bweranyange, 25 Juni 1955

Mwanangu Kobugabe,

Marahaba. Sisi tupo, mama yako anakusalimu sana. Vipi afya yako? Unalala vizuri?

Sina jino bovu. Nilikuwa na kiu isiyokatika, na mwili ukapungua mpaka mkanda ukanipwaya. Daktari wa misheni akasema damu yangu imejaa sukari. Amenikataza rubisi, ndizi mbivu, miwa na asali. Matoke nipate kidogo tu, nishibe kwa maharage, mboga za majani na karanga. Nikifuata, nitaishi. Nami nafuata, na kiu imepungua.

Lakini naona haya, mwanangu. Mimi mwenye migomba kuanzia nyumbani hadi bondeni, napikiwa kwenye chungu cha pembeni! Watu wakija najifanya nimeshakula. Wakijua watasema damu yetu ni mbovu, na mtoto wako atasemwa kabla hajazaliwa. Usimwambie mtu, hata Projest. Niahidi. Kwa Mzee Egbert nitayatengeneza mambo mwenyewe siku ya kumpa mtoto jina.

Tata yako,
Rweyemamu


Igurwa, 14 Julai 1955

Baba,

Shikamoo. Pole sana. Nilikukasirikia bure, nisamehe. Mnaendeleaje huko?

Nimeahidi, sitasema. Ila hilo la kutengeneza mwenyewe limenitia hofu. Usije ukanywa, Baba. Niruhusu nimwambie Mzee Egbert peke yake, ni mtu wa kutunza neno. Nasubiri jibu.

Mwanao,
Kobugabe


Igurwa, 19 Septemba 1955

Baba,

Shikamoo. Mama ameniletea habari kwamba umefumbua macho na unaweza kusoma. Nimelia kwa shukrani. Je, wanakupa chakula chako kama inavyotakiwa?

Barua yangu hukuijibu. Ukaja siku ya jina, ukaomba kibuyu mwenyewe, ukamaliza, ukaomba kingine, na matoke ukala mbele ya kila mtu. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Egbert alikushika mkono hakutaka kuuachia. Nami nilikuwa nimekaa na mtoto, nakutazama, nimefunga mdomo.

Kesho yake ukatapika, ukaanguka ukiwa njiani kurudi kwako, ukabebwa kwa machela. Baba, sasa hawanong'oni tena, wanasema kwa sauti. Mgeni wa pili, njia ile ile! Hakuna anayekanyaga uani kwetu, wala aliyekuja kumpakata mtoto. Jumamosi wazee wanakaa baraza, wanataka Mzee Egbert ahame Igurwa. Yeye mwenyewe ameanza kujiuliza kama alikosea kitu kwenye rubisi. Ameniuliza mimi, na mimi nikaangalia chini. Sijawahi kujichukia hivyo.

Nivunje ahadi? Nijibu kwa mkono wa mama kabla ya Jumamosi.

Mwanao,
Kobugabe


Hospitalini, 21 Septemba 1955

Mwanangu,

Marahaba. Nimeamka, nakula maharage yao yasiyo na chumvi. Mbusu mtoto.

Usivunje ahadi. Naivunja mimi. Yanayofuata yasome Jumamosi barazani, kwa sauti, mbele ya wote:

Wazee wa Igurwa, nawasalimu. Mimi Rweyemamu nina ugonjwa wa sukari. Nilikuwa nao kabla sijaingia kwa Mzee Egbert. Rubisi yake ilikuwa safi na tamu, na utamu huo ndio niliokatazwa na daktari. Nilijua, nikanywa, kwa sababu niliona afadhali kufa kuliko ninyi mjue kwamba nakula chungu cha peke yangu. Anayebisha aje Bweranyange, nitampeleka nyuma ya nyumba aone sisimizi wanavyofuata sukari mahali ninapokojoa.

Basi. Najua ukifika kwenye sisimizi utataka kuruka, mwanangu. Usiruke. Kama sauti itakukwama, mpe Mzee Egbert asome yeye.

Tata yako,
Rweyemamu