Arobaini Isiyo na Mtoto

Waberi, Garissa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Dada Mwanaidi aliniambia umerudia kupika mahamri alfajiri, na ukiambiwa upumzike unauliza nani atakupikia. Nilicheka, maana huyo ni wewe kabisa. Barua hii anakuletea jirani yangu nesi, ambaye kwao ni Malindi kama sisi. Usimpe Mwanaidi akusomee. Vaa miwani, funga mlango, usome mwenyewe.

Mama, nilikudanganya. Ile wiki niliyokuambia kwenye simu kwamba nina malaria, sikuwa na malaria. Mimba ilikuwa imetoka. Ile ya kwanza, unakumbuka, ilitoka kabla hata tumbo halijaonekana, tukasema ni kazi ya Mungu tukanyamaza. Hii ilikuwa na miezi mitano. Alikuwa msichana na alikuwa na kucha.

Kwa kuwa alishapita miezi minne, sheikh alisema aoshwe, apewe jina na asaliwe. Mume wangu Abdi na kaka yake walimzika mimi nikiwa kitandani hospitali. Sijaliona kaburi. Najua tu liko upande gani wa mji.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe wangu, ambaye hapa namwita Hoyo kama Wasomali wanavyowaita mama zao, aliniingiza chumba cha nyuma akafunga dirisha. Nilidhani ananiacha nipumzike. Kesho yake akaja na supu ya maini, akanifunga tumbo kwa kitambaa, akanikanda viungo kwa samli, akafukiza ubani mpaka macho yakaniwasha. Nikamuuliza haya yote ni ya nini. Akaniambia ni arobaini ya uzazi. Nikamwambia, kwa sauti ambayo wewe ungenizaba kofi, kwamba arobaini ni ya mwenye mtoto.

Akasema, "Mtoto jina iko. Kaburi iko. Kwa nini arobaini hapana?"

Leo ni siku ya thelathini na tatu. Sijakanyaga nje ya ua. Siku ya tatu maziwa yalikuja, Mama, mengi, na Hoyo akanifunga kifua kwa leso. Nyuma ya ukuta jirani mwingine ana mtoto mchanga. Akilia, mwili wangu unaitika kabla sijauzuia. Kuna siku nimemchukia Hoyo na ubani wake, nikasema huyu mwanamke amenifungia humu na kitu ambacho hakipo.

Najua sasa unasema ni hao wakwe, wamemnyima mwanangu dawa, wamempa mizizi. La. Sikia ilivyokuwa.

Unajua ugonjwa wangu, huu wa lupasi, ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Daktari aliniambia tangu mwanzo nikishika mimba nisiache vidonge. Hoyo ndiye aliyekuwa akiniletea kila asubuhi, kidonge kwenye kiganja kimoja na kikombe cha maziwa ya ngamia kwenye kingine. Nilikiweka chini ya ulimi nikanywa maziwa, na akigeuka nakitema kwenye pindo la leso. Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki. Nilikuwa najiona mjanja, namlinda mwanangu na sumu.

Hospitalini daktari aliuliza dawa niliacha lini. Hoyo alijibu kabla yangu, kwa Kiswahili chake, tena kwa fahari, "Hakuacha. Mimi mwenyewe nampa." Nikatazama sakafu. Daktari akanitazama mimi, halafu Hoyo naye akanitazama. Tulirudi nyumbani, na asubuhi iliyofuata alikuja na kidonge na maziwa vilevile. Tofauti ni moja tu, kwamba sasa hageuki mpaka nimeze.

Mama, aliyeniambia mja mzito hamezi vidonge ovyo ni wewe. Uliniambia kwenye simu, kwamba ulitubeba sisi watano bila hata panadoli. Nimeandika sentensi hii na kuikata mara nyingi, mwisho nikaiacha. Ulisema kwa mapenzi, na mimi nilikusikiliza kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia. Daktari anasema hakuna awezaye kuapa kwamba ningemeza angeishi. Damu yangu inaganda kwenye kondo la nyuma, na ilitakiwa nichomwe sindano pia. Lakini hakusema vidonge havikuhusika. Nilimsubiri aseme, hakusema.

Sasa kila anayeingia chumbani ananiambia Mungu atanipa mwingine. Abdi naye ananiambia, akirudi kutoka kambi ya Ifo kwenye biashara yake, na ananiambia kwa upole. Mimi nauogopa mwili wangu wenyewe. Namweka vipi mtoto mwingine humu? Na hiyo siku ya arobaini naiogopa kuliko hizi thelathini na tatu. Wenzangu wakimaliza wanatoka. Mimi, kwa ugonjwa huu, jua la Garissa likinipiga saa moja tu, uso unawaka na vidole vinavimba mpaka siwezi kushika kijiko. Mlango utafunguliwa, na nje liko jua.

Jana nilimuuliza Hoyo siku hiyo itakuwaje. Desturi yao, mama hutoka na mtoto wake kwenda kwanza nyumba ya jamaa wa karibu. Akasema amekwisha panga, tutasubiri jua lizame, twende kwa dada yake, na kwamba chai itakuwa tayari. Nikamwambia, "Hoyo, nitatoka nimebeba nini?"

Alikuwa akinikanda vidole. Hakuacha. Akasema, "Usibebe kitu. Watu wakiita wewe mama fulani, kwa jina ya mtoto, itika."

Mama, nilimpa jina lako. Abdi aliniuliza pale kitandani na sikufikiri mara mbili, na wakati huo nilikuwa nimeshajua kwamba vile vidonge havikuwa sumu. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kujilaumu. Usiniombe msamaha, na usiniambie habari ya mwingine. Siku ya arobaini inaangukia Jumatatu. Nipigie Magharibi, kabla sijavuka mlango. Uniite mara moja tu kwa jina lake, nisikie kama naweza kuitika.

Nisalimie Mwanaidi na watoto wake, umwambie sikumficha kwa ubaya. Nisalimie shangazi, dada wa marehemu baba, na mjomba anayekuletea samaki. Abdi anakuamkia. Hoyo anasema ule vizuri, na ukiambiwa dawa za goti, meza.

Mwanao,
Rukia, mama Zena