Kilima cha Pili

Kwako Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, wifi hajambo, na huyo mgeni wenu mchanga anawaacha mlale? Mimi mzima wa mwili. Natumaini mama wa chai, aliyekuletea barua hii, amekwambia usiwashe jiko kabla hujamaliza kusoma. Tafadhali mtii. Ningekupigia, lakini simu zetu zimechukuliwa getini tangu asubuhi.

Nakuandikia kutoka chumba cha vipimo hapa kiwandani. Unakijua: hakina dirisha, feni imekufa, mlango ni mmoja. Leo mlangoni kawekwa mlinzi, na nimeambiwa nisitoke mpaka mkuu wa kiwanda arudi. Nimekaa kama kuku chini ya tenga.

Tangu wifi ajifungue nawe uchukue likizo, nimekuwa kwenye kazi ileile unayonitania kwayo. Nilipima unene wa chuma cha mitungi ya gesi iliyo ghalani, nikachora vijiti vyangu vya kuhesabia, kila cha tano kikikata vinne, nikajaza jedwali la marudio, kila unene umetokea mara ngapi. Halafu nikachora histogramu, ule mchoro wa pau zilizoshikana, nikatia nukta katikati ya kichwa cha kila pau na kuziunga zote kwa mstari, nikapata poligoni. Kwa kawaida mstari hupanda kilima kimoja ukashuka. Safari hii ulipanda viwili: kimoja mahali pake, kingine huko kushoto, kwenye mitungi myembamba. Lo! Nilirudia kupima hadi macho yakaniuma.

Nikampelekea mkuu. Akasema makundi yangu ya vipimo ni madogo mno, niyaunganishe yawe mapana. Nikayaunganisha. Kweli kilima cha pili kikamezwa, ikabaki pau moja nene katikati, safi ya kuonyesha wageni. Nilipomwambia kwamba mitungi bado ni ileile, alicheka, akaniuliza kama najua kilima kile ni cha nani.

Basi nikatenga majedwali, mashine kwa mashine. Kaka, ni chako. Myembamba yote imetoka mashine ya pili, zamu yako. Nikakumbuka ulivyonionyesha kwa majivuno kwamba bapa la chuma likikaa motoni zaidi kidogo linavutika upesi, nawe unamaliza mapema. Uliona ni ufundi, nami nikakupigia makofi bila kuwaza kwamba chuma kikivutika hivyo hukonda, mjinga mimi! Mkuu akasema nikionyesha vilima viwili, wa kwanza kufukuzwa ni wewe, na mtoto ndiyo kwanza kazaliwa. Nilikwama. Kazi hii ulinitafutia wewe. Kila nikishika kalamu naona uso wa wifi.

Leo mkaguzi kaja. Mkuu akampa ile picha ya pau nene. Mkaguzi akanigeukia, akauliza kama makundi hayo nimeyachagua mwenyewe. Kaka, nikatoa mchoro wa vilima viwili na kumtajia mashine. Ndiyo maana nimewekewa mlinzi. Usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu wa getini.

Usidhani ni ushujaa. Alipouliza, nilichokumbuka ni mtungi uliouziwa hapa kwa bei ya wafanyakazi, huo ulio jikoni kwenu, nyuma ya ukuta wa kitanda cha mtoto. Namba iliyogongwa shingoni inaanza na mbili, yaani mashine yako.

Nisalimie wifi, na mtoto umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Ila kwanza toa mtungi nje, taratibu. Kunikasirikia kutafuata.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Vijiti