Marahaba Niliyomnyima Annet

Mkolani, Mwanza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua tangu mvua zianze. Migomba ya nyuma ya nyumba ilisimama tena baada ya ule upepo? Mimi ni mzima wa mwili. Ningepiga simu, lakini najijua, ningeikata kabla sijafika ninapotaka kufika.

Jirani yako Tereza ameniambia kwamba mdogo wangu Annet amerudi hapo na mizigo yake yote. Eti anasema kompyuta hazikuwa fungu lake, bora achume kahawa. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mzee Amirali, mfanyabiashara wa samaki wa Mirongo, alituajiri sote wawili. Alitaka bei ya sangara na sato ikibadilika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ibadilike papo hapo kwenye simu ya mnunuzi, bila yeye kufungua ukurasa upya. Mimi nikajenga seva, ile kompyuta ya nyuma inayotuma bei, Annet akajenga skrini ya mnunuzi kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Kati ya skrini na seva kuna njia inayobaki wazi muda wote, wenyewe tunaiita websoketi. Ili ijulikane kuwa njia haijakatika, skrini hutuma neno mara kwa mara na seva hujibu. Maneno nilichagua mimi: skrini iseme shikamoo, seva iitikie marahaba. Isipoitikiwa, inaganda. Annet alicheka, akasema hata kwenye kompyuta nataka aniamkie. Ulikuwa utani, lakini alisema kweli.

Mama, nisikufiche, wivu ulinitafuna. Kila aliyepita ofisini alisifia skrini, rangi zake, na bei zinavyopanda mtu akitazama. Seva nani ataiona? Mgeni hasifii msingi wa nyumba. Mzee Amirali akawa anamwita Annet binti yangu, mimi ananiita fundi. Hata wewe, ulipotutumia senene, kopo kubwa lilikuwa la Annet! Nilikula senene wangu huku nikiangalia wa Annet.

Siku ya kuwaonyesha wanunuzi, Annet ndiye aliyesimama mbele. Bei zilipoanza kucheza, watu wakapiga makofi. Mara skrini ikaganda. Akajaribu hiki na kile, wanunuzi wakaanza kuinuka. Ndipo akawaambia kosa ni lake, liko kwenye skrini, na wasiwe na shaka na seva, kwa sababu imejengwa na kaka yake na yeye hajaona fundi kama huyo. Jioni ile mzee alimwachisha kazi. Yote akanikabidhi mimi, na sasa akawa ananiita mwanangu.

Mama, skrini haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi, kompyuta mapajani, nikaiamuru seva isiitikie. Annet akaniamkia, akaniamkia tena, nami nikanyamaza. Nilitaka waone kwamba bila mimi hakuna kitu. Sikujua atanitetea.

Leo asubuhi nimemweleza mzee Amirali kila kitu. Hakugomba, aliniomba tu funguo za ofisi.

Naomba umsomee Annet barua hii yote, usinisitiri. Mwambie kazi yake ilikuwa safi, na kahawa aiache. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Tereza pia. Kwa Annet, ingawa ni mdogo wangu na desturi hairuhusu, nifikishie shikamoo.

Asipoitikia, nitaelewa.

Mwanao,
Muganyizi