Kidude cha Shaba cha Benzi la Omary

Kasulu, 3 Novemba 2024

Kaka Badru,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, wifi na watoto mu wazima huko Tanga, na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi na Yasmini hatujambo, alhamdulillahi. Eda imekwisha, nimerudi dukani, vitenge vinatoka kidogo kidogo. Mvua zimeanza, na asubuhi ni baridi hadi mtu anaogopa kugusa maji.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu unafoka, kaka. Nikikuuliza neno moja unanipigia kelele kumi, naishia kukata. Barua nitaibandika ukutani, niisome hata mikono ikiwa na grisi.

Ndiyo, grisi. Ni lile Benzi la marehemu mume wangu, ulilomtafutia wewe mwenyewe, kisha mkagombana kwa ajili yake miaka tisa. Limesimama uani tangu Omary alipoanza kuugua. Siku ya mirathi, shemeji Twalibu alidai fungu lake, akasema gari hilo ni la kukatwa chuma chakavu. Nikasema halikatwi. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema, "Shemeji, likifika Kibondo mlangoni kwangu kwa magurudumu yake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, fungu langu nimekuachia. Likishindwa, naleta watu wa mizani." Shehe akasema amesikia, na hilo limepita.

Kaka, Omary hakuwa mtu wa kusema mapenzi. Lakini kila Ijumaa baada ya swala aliliosha Benzi, akanifungulia mlango wa mbele, tukaenda hadi Makere na kurudi bila shughuli yoyote. Sitaki likatwe.

Mafundi wawili wa hapa wamekuja, wametikisa kichwa, wameondoka. Basi nitalitengeneza mimi. Nimemshikia Omary tochi miaka yote ile, siyo mgeni wa spana. Msibani hukuja, na nimekusamehe. Hili usiponisaidia sitakusamehe.

Mdogo wako,
Shamsia


Tanga, 16 Novemba 2024

Mdogo wangu Shamsia,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, mgongo ni wa uzee tu, mpe Yasmini salamu za mjomba. Na sifoki. Nina sauti kubwa.

Msibani sikuja kwa aibu. Mumeo alinitangaza kwa watu kwamba nimempa injini iliyochoka, inakunywa mafuta kama ng'ombe mtoni. Mimi! Injini ile niliifungua na kuifunga kwa mikono hii, kila kilichochakaa nikaweka kipya. Niliogopa kusimama kaburini kwake nikiwa bado nimekasirika.

Sasa nisikilize. Usithubutu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo. Mafuta yote ya zamani kwenye tangi yamwage, yameshaharibika. Fuata kila waya kwa vidole kabla hujagusa ufunguo. Kwenye boksi hili nimeweka mipira ya breki, maunti za kushikilia injini, plagi na pampu ya mafuta. Ukishafunga breki, toa upepo ulionasa kwenye mabomba yake, magurudumu yote manne, na anza na lililo mbali zaidi na pedeli. USIRUKE HATA MOJA.

Hapo sijafoka, nimekazia.

Kaka yako,
Badru


Kasulu, 8 Desemba 2024

Kaka mwenye sauti kubwa,

Assalaam alaykum. Habari za Tanga? Huku salama, ila kucha zangu hazitamaniki, na wateja wananiuliza kama nimehamia biashara ya mkaa.

Waya zimeliwa na panya. Kosa ni letu wenyewe. Mwaka ule bei ya maharage iliposhuka, Omary alinunua magunia kule Titye, akayapanga kwenye buti na kiti cha nyuma, maana stoo inavuja na Benzi halivuji. Panya walikuja kwa ajili ya maharage, wakamalizia na waya. Nimeziunga moja moja, rangi kwa rangi, wiki mbili nzima.

Mzee Kipriani, jirani yangu mchomeleaji, kila jioni anapita, anapiga makofi yale ya salamu ya Kiha, "Mwidiwe, Mama Yasmini! Mgonjwa anaendeleaje?" Jumanne mgonjwa alikohoa, akanyamaza. Alhamisi akawaka! Kaka, nililia mbele ya watu. Mzee Kipriani akacheza na kinyago chake cha kuchomelea kichwani.

Kichwa kikanivimba. Nikafunga redio mpya ya blututhi, taa mpya, tena nikalinyanyua kwa springi nilizopata hapa. Ila nilipata za nyuma tu. Sasa limeinua makalio, limeshusha uso, taa zinamulika sisimizi. Yasmini anasema Benzi limerukuu.

Lakini kuna jambo linaniuma kuliandika. Nilikwenda nalo hadi sokoni na kurudi. Linasitasita, halina nguvu, na linakunywa mafuta vilevile. Kibondo halifiki hivi. Nisamehe kaka, labda Omary alisema kweli.

Mdogo wako,
Shamsia


Tanga, 6 Januari 2025

Shamsia,

Salaam. Huku hatujambo.

Umekaa mwezi mzima bila jibu kwa sababu barua yako niliichana. Kisha wifi yako akaniambia mwanamke anayeunga waya wiki mbili hastahili kuchaniwa barua. Nikaiunga kwa selotepu.

Kwanza, ondoa hizo springi, leo hii! Gari zito kama hilo ukilinyanyua nyuma peke yake, siku ya breki ya ghafla utakitafuta kichwa chako kwenye boneti. Nakutumia seti ya zote nne.

Pili, nijibu swali moja tu. Ukiendesha nusu saa, mshale wa joto unasimama wapi? Ukiwa chini kabisa, fungua pale bomba la juu la rejeta linapoingia kwenye injini. Mle ndani mna thamostati, kidude cha shaba kama kifuniko chenye springi. Kazi yake ni kuzuia maji mpaka injini ipate joto; injini ya baridi haina nguvu na inakunywa mafuta. Niliweka mpya, mimi mwenyewe. Nakutumia nyingine pamoja na mpira wake, uone inavyofanana.

Kaka yako,
Badru


Kasulu, 18 Januari 2025

Kaka yangu Badru,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Natumai barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa.

Mshale ulikuwa chini kabisa. Omary alijisifia hilo miaka yote, "Gari langu halichemki!" Nimefungua ulipoelekeza. Mtupu. Hamna kitu.

Ndipo nikafungua boksi lako, nikakitoa hicho kidude kipya, nikakiangalia. Kaka, hicho kidude ninacho! Kipo kwenye meza ya duka, nakandamizia karatasi zisipeperuke. Miaka tisa nakishika kila siku iliyo ya Mungu.

Nikakumbuka yote. Ilikuwa mwezi ule ule gari lilipofika kutoka Tanga. Twalibu alikuja kulitazama. Si unamjua, akiona boneti imefunguka lazima naye aingize mkono. Akamwambia Omary, "Kaka, hii ni takataka ya Wazungu, wanaiweka kwa ajili ya theluji. Afrika kuna joto, toa." Akakitoa mwenyewe. Omary akanipa mimi, "Chukua, kizuri kwa karatasi." Wakasahau. Kwa baridi yetu hii ya Kasulu, injini haikupata joto hata siku moja tangu hapo, na lawama ukabeba wewe.

Nilikitia kidude cha zamani kwenye sufuria ya maji, nikawasha jiko, nikakaa nakitazama. Maji yalipokaribia kuchemka kikafunguka taratibu, kizima! Basi nimekirudisha hicho hicho, ulichochagua wewe, kwa mpira mpya. Hicho ulichotuma sasa ndicho kiko mezani.

Mshale umepanda hadi katikati, ukatulia. Linavuta mpaka raha.

Omary angekuwepo angekuomba radhi. Hayupo. Nakuomba mimi kwa niaba yake, na kwa niaba yangu niliyeandika yale ya Desemba.

Mdogo wako,
Shamsia


Tanga, 2 Februari 2025

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Afya njema.

Nimesoma barua yako gereji, mbele ya mafundi wangu, kwa sauti yangu yote. Kisha nikaenda nyuma ya ukuta nikalia. Nimemsamehe Omary. Mungu amlaze pema.

Funga springi zote nne. Angalia upepo wa matairi. Nenda.

Badru


Kasulu, 25 Februari 2025

Kaka,

Assalaam alaykum. Mu wazima? Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa.

Jumapili tulitoka, mimi usukani, Yasmini pembeni, Mzee Kipriani nyuma na magogo yake, eti tahadhari. Makere askari akatusimamisha. Akazunguka gari mara mbili, akatazama leseni, kisha akasema, "Mama, naomba nione injini tu." Nikamfungulia. Akaita mwenzake waone wote.

Milima ya njiani tumeipanda bila kuguna. Mshale katikati. Busunzu watoto walikimbia na sisi hadi mwisho wa kijiji.

Tulipoingia Kibondo, watu wa mizani walikuwa wamekaa barazani kwa Twalibu wanakunywa chai. Aliwaita kabisa! Nikapiga honi. Twalibu akatoka, akasimama na kikombe mkononi. Nikashuka nikamwambia, "Shemeji, ile takataka ya Wazungu uliyoitoa, iko humu ndani. Ndiyo iliyonileta."

Nilidhani atakasirika. Akaweka kikombe, akagusa boneti, akasema, "Kwa hiyo kaka yangu alimkosea Badru kwa ajili yangu?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ameshaisaini mbele ya mkewe. Benzi ni langu, kaka. Langu! Halafu akaomba nimzungushe mjini. Nilimzungusha, na kila alipotaka kushika redio nilimpiga kofi la mkononi.

Njoo Idi. Tafadhali.

Mdogo wako,
Shamsia


Tanga, 17 Machi 2025

Shamsia,

Salaam na saumu njema. Wote tu wazima.

Boksi hili halina spea. Ni halua kwa Yasmini na Mzee Kipriani, na kofia mpya kwa Twalibu, ile iliyodondoka itakuwa imechafuka.

Siku mbili kabla ya Idi niko kwenye basi. Nipokee stendi, na uje na Benzi. Nataka kwanza unipeleke kaburini kwa Omary, nikamsalimie. Baadaye twende Makere na kurudi, bila shughuli yoyote.

Ufunguo usinipe. Kiti cha mbele kaa na mwanao, mimi nitakaa nyuma kama abiria. Nikitamka neno lolote juu ya gia, nishushe hapo hapo.

Kaka yako,
Badru