Kikaratasi Nyuma ya Noti

Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu katika Bwana, nikitumaini kwamba barua hii inakukuta mzima, wewe na wajukuu, na kwamba goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Ukiniuliza mimi, nipo. Mapafu ndiyo yamechoka. Nikisema sentensi tatu lazima nipumzike, kwa hiyo ni heri niandike. Unisamehe mwandiko. Enzi zangu darasani mwenye mwandiko huu ningempa sifuri na kumsimamisha.

Barua yako niliipata. Unasema utakuja kuniona wiki ijayo kwa sharti moja, usimkute Fundi Saa humu ndani. Unasema miaka thelathini na moja haijatosha kumsamehe mume aliyekaa kimya huku mama akikata roho. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nimeilaza mezani kifudifudi.

Maana huyo mtalaka wako ndiye anayenikata kucha. Huja kila asubuhi kabla ya kufungua duka, hunigeuza kitandani, na huniambia kwamba mimi ni saa ya ukutani iliyoharibika: haifanyi kazi lakini hakuna mwenye moyo wa kuiondoa.

Jumapili mchungaji alileta ibada hapa nyumbani, akahubiri juu ya sanamu za siku hizi. Alitaja simu, magari, na wanaoitazama picha ya mhubiri ukutani kuliko wanavyofungua Biblia. Nilitikisa kichwa kukubali kila moja. Unajua nilivyokuwa hodari wa kuona sanamu za wengine. Nikiwa mzee wa kanisa niliwahi kumnyima mjane meza ya Bwana kwa sababu ya hirizi ya mwanawe. Kisha mchungaji akasema kwamba sanamu ni kitu chochote ambacho Mungu akikuambia ukiweke chini, unamjibu angoje kidogo. Baada ya sala akatangaza kuwa ukumbi mpya wa kwaya utaitwa kwa jina langu, na kwamba Ijumaa ataleta karatasi nitie sahihi. Watu walipiga makofi, Fundi Saa akiwa wa kwanza. Mimi nilitetemeka, wakanifunika blanketi wakidhani ni homa.

Sasa nisikilize, dada, na usiiweke barua hii chini kabla hujaimaliza.

Siku ile kwaya yetu ilipokuwa ikirekodi studio, nami nikiongoza, fundi mitambo alitaka turudie wimbo wa tatu, ule wa kumwambia Mungu kwamba hatuna mwingine ila yeye. Ubeti wa pili ulikuwa wako. Mlinzi wa mlangoni akanipa kikaratasi: mumeo amepiga simu, mama amezidiwa, anamwita binti yake, na basi la saa nane bado lipo. Ilikuwa saa saba na nusu. Mlinzi akauliza kama akuite. Nilimwambia, "Ngoja kidogo, tumalize." Nikakibana kikaratasi nyuma ya noti za wimbo, nikainua mkono, nikaongoza. Uliimba kuliko siku zote. Saa nane ilipita ukiwa katikati ya ubeti, na niliiona ikipita.

Tulipofika kesho yake mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mumeo aliapa kwamba alipiga simu na kuacha ujumbe. Ukanigeukia, ukaniuliza. Nikasema sikuona ujumbe wowote. Wiki hiyohiyo ukafunga mizigo yako.

Miaka yote nimejiambia kwamba ilikuwa kazi ya Bwana. Haikuwa. Niliiabudu kwaya ile, na sifa zangu ndani yake. Niliitolea mama yetu kuwa sadaka, na baadaye ndoa yako.

Juzi Jumanne nilimwambia Fundi Saa. Alikuwa ameshika mguu wangu. Alimaliza kidole alichokuwa akikikata, akafuta mkasi, akauliza jambo moja tu: "Shemeji, nilikuwa naitwa mwongo na wewe umekaa palepale?" Nikasema ndiyo. Akachukua kofia yake. Jana hakuja, na leo jua limeshapanda hajaja. Yeye ndiye aliyekuwa akinipelekea barua posta. Hii nitampa muuguzi.

Kesho mchungaji akija na karatasi yake, nitamsomea haya mbele ya wazee wa kanisa atakaokuja nao. Naogopa, nisikufiche. Naogopa sura zao kuliko ninavyoogopa kufa, na hapo ndipo ninapojua kwamba sanamu yenyewe bado imesimama.

Duka la Fundi Saa halijahama, lipo mkabala na posta. Ukishuka kwenye basi, nenda huko kwanza. Daktari hanipi siku nyingi, na kama nafasi itatosha kumwona mmoja wetu tu, usije huku.

Wabusu wajukuu kwa niaba yangu. Neema ya Mungu ikae nawe, nami uniombee.

Kaka yako,
Mwalimu