Siku Tisa Chini ya Kila Skrini

Mwenzangu, mdogo wangu kaumbuka. Kajifungia chooni kazini, analia kwenye simu.

Pale kazini wana ile programu ya kugawa skrini vipande, tmux. Akaupanga mstari wa chini umhesabie siri yake: "Bado siku 9 niliache hili gereza."

Badala ya faili lililo kwenye folda yake, kauandika kwenye /etc/tmux.conf. Hilo ni faili la wote kwenye kompyuta kuu ya ofisi, mstari ukatokea chini ya skrini ya kila mtu. La wote, unanisikia? Kamwaga mchele penye kuku wengi.

Na barua ya kazi mpya hajapewa, ana ahadi ya mdomo tu.

Bosi kausoma kwa sauti, taratibu. "Gereza. Haya, mfungwa wetu nani?" Wakacheka. Na mdogo wangu akacheka nao.

Kisha bosi akauliza ni akina nani wana nywila ya kubadilisha faili hilo.

Wako wawili. Bosi na yeye.